Siku Moja Kobe kwa Yeni Elfu Tano

Tangu turejee kutoka Japani, swali la kwanza tuulizwalo na jamaa, majirani na hata wanafunzi wetu wa madrasa ni la gharama. Swali hilo si baya. Japani ina sifa ya ughali, na wengi katika pwani yetu wana watoto walioko ughaibuni kwa masomo au kazi. Hutamani kwenda kuwaona, kisha hukata tamaa kwa kusikia hesabu za watu kabla hawajafanya hesabu zao wenyewe. Wengine huenda, lakini ziara yao humwachia mtoto deni analolilipa mwaka mzima baada ya wazazi kurejea nyumbani.

Kwa ajili hiyo tumeona tuandike habari za siku moja tu, siku tuliyouzuru mji wa Kobe, sisi na ahli yetu, kwa yeni 5,000 za watu wawili. Kwa bei ya fedha ya wakati ule, hizo zilikuwa kadiri ya shilingi 4,300. Hatukuusia ubakhili, kwani ubakhili ni maradhi. Tunachokieleza ni namna ya kutazama nchi ya watu bila ya kula katika sahani ya mtoto wako.

Fedha zilizorudishwa mezani

Kijana wetu anasoma Osaka. Nauli ya ndege tuliikusanya wenyewe kwa miaka mitatu, naye akatupa malazi katika chumba chake cha mikeka sita. Wajapani hupima chumba kwa idadi ya mikeka yao ya tatami inayoenea sakafuni, na mikeka sita ni kadiri ya mita kumi za mraba. Humo mlikuwa na meza yake, vitabu vyake, jiko la moto mmoja, na usiku mlikuwa na sisi watatu. Yeye hupata posho ya masomo, na baada ya darasa hufanya kazi ya vibarua, kwani sheria ya huko humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa zisizozidi 28 kwa wiki.

Siku ile alikuwa na darasa kutwa, basi tukapanga kwenda Kobe peke yetu. Usiku wake aliweka mezani yeni 20,000. Akatutajia nyama ya Kobe iliyovuma duniani, kigari cha waya kinachopanda mlimani, na mnara wa bandarini. Mama yake alizitazama zile noti, akachukua moja ya 5,000, na zilizosalia akazisogeza kwake.

"Mwanangu, hii ni kodi ya chumba," akamwambia.

"Mama, mmetoka mbali. Watu watasema nini nikiwapeleka Kobe mkarudi hamkula kitu?"

"Tumekuja kukuona wewe, na tumekuona. Huo mji tutautazama kwa macho, na macho hayalipiwi."

Kijana alinyamaza. Tulimwona ana haya, na haya ya mtoto mwema ni jambo la kutunzwa, si la kutumiwa. Wapo watoto wetu wengi ughaibuni wanaokopa ili mzazi apige picha mbele ya chakula cha ghali, na mzazi asijue. Lau angejua, chakula kile kisingemshuka kooni.

Mji baina ya mlima na bahari

Tulitoka saa mbili asubuhi. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, baridi ya kuvaa koti na jua la kupendeza. Kutoka stesheni ya Umeda, Osaka, garimoshi la shirika la Hankyu hufika Sannomiya, moyo wa mji wa Kobe, kwa kadiri ya nusu saa. Nauli yetu ilikuwa yeni 330 kwa kila mtu kwa kila safari, ambayo kwa wawili, kwenda na kurudi, ni yeni 1,320. Ndani ya mabehewa yale yenye rangi ya zambarau iliyokoza watu hawapazi sauti wala hawazungumzi kwa simu, na wazee wametengewa viti vyao.

Kobe ni mji wenye watu kadiri ya milioni moja na nusu, makao makuu ya jimbo la Hyogo. Kaskazini kuna milima ya Rokko, kusini kuna bahari, na mji umejinyoosha katikati kama mkeka mrefu mwembamba. Wenyeji wakikuelekeza njia hukwambia "upande wa mlimani" au "upande wa baharini". Jambo hili lilitufurahisha, kwa kuwa na sisi wa pwani tuna desturi yake: wazee wetu wakisema kibla humaanisha kaskazini, maana Makka iko kaskazini yetu sawasawa. Huko Kobe kibla ni magharibi, pamoja na kuelekea kaskazini kidogo. Mtu asiyepotea njia Mombasa hatapotea Kobe. Akiuona mlima ajue bahari iko nyuma yake.

Maporomoko ya mume na mke

Kutoka Sannomiya tulipanda kwa miguu hadi Shin-Kobe, stesheni ya magarimoshi yaendayo kasi. Ni mwendo wa dakika 25 hivi. Nyuma ya stesheni hiyo kuna njia inayopita chini ya reli, na ghafla mji unakwisha. Unasikia maji. Hapo ndipo yanapoanza maporomoko ya Nunobiki, yaliyosifiwa na washairi wa Japani tangu karne nyingi zilizopita. Nuno kwa lugha yao ni kitambaa, na jina hilo latokana na maji yanavyoteremka mwambani kama jora la nguo nyeupe lililonyooshwa. Hakuna mlango wala tikiti.

Maporomoko yenyewe ni manne. Kubwa kuliko yote huitwa Ontaki, la kiume, lenye kimo cha mita 43. La chini ya mengine huitwa Mentaki, la kike. Njia ni ya ngazi za mawe, na ahli yetu ana maradhi ya magoti. Tulipanda hatua kumi, tukapumzika, tukapanda kumi nyingine. Wazee wa Kijapani wenye fimbo za kupandia milima walitupita wakituinamia vichwa na kutuamkia. Hapakuwa na haraka yoyote, na hilo lenyewe lilikuwa neema. Kwa miaka 31 ya ndoa, mwendo wetu wa pamoja umekuwa wa kwenda arusini, matangani, hospitalini na sokoni, na kila mara kulikuwa na watu wanaotungoja. Siku ile hapakuwa na aliyetungoja.

Chini kidogo ya Ontaki kuna poromoko dogo ambalo maji yake hugawanyika mikondo miwili, ikashuka sambamba na kuingia katika dimbwi moja. Jina lake ni Meotodaki, yaani poromoko la mume na mke. Tulipomsomea ahli yetu maana hiyo kutoka programu ya kutafsiri iliyo katika simu, aliitazama ile mikondo miwili inavyonguruma, akasema, "Hawa wote wawili wanasema kwa pamoja. Nani anayesikiliza?"

Tulicheka mpaka bibi mmoja wa Kijapani aliyeketi karibu akacheka nasi, asijue tunachokicheka. Kisha tukakaa kimya kitambo kizuri. Baadaye ahli yetu alianza kuzungumza habari ya mamake marehemu, ya mwaka alioumwa, na mambo ambayo tulikuwa hatujapata kuyasikia. Hatutayaandika hapa. Tunataja tu kwamba yalihitaji mahali pasipo mlango wa kubishwa wala simu ya kuitikiwa, na mahali hapo palikuwa pa bure.

Kabla ya kushuka tulijaza chupa zetu stesheni. Maji ya Kobe yana sifa ya zamani kwa mabaharia. Inasimuliwa kwamba meli zilipenda kuyachukua kwa sababu hayakuharibika upesi, hata zilipovuka ikweta. Juu ya maporomoko hayo kuna bwawa la mwaka 1900 linalohifadhi maji ya mji. Magoti hayakuturuhusu kufika, nasi hatukuyalazimisha.

Msikiti uliosimama

Tulishuka kwa mtaa wa Kitano. Bandari ya Kobe ilifunguliwa kwa biashara ya mataifa tarehe 1 Januari 1868, na wafanyabiashara wa Ulaya na kwingineko walijenga nyumba zao katika mteremko huu unaoitazama bahari. Baadhi ya nyumba hizo leo hutozwa kiingilio. Inayojulikana zaidi ni nyumba ya matofali mekundu yenye jogoo wa kuonyesha upepo juu ya paa, iliyojengwa mwaka 1909 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Sisi tulizitazama kwa nje, na mitaa yenyewe, yenye miti iliyogeuka rangi ya dhahabu na wekundu, ilitutosha.

Kisha, baina ya maghorofa, tuliona kuba na minara.

Msikiti wa Kobe ndio wa kwanza kujengwa Japani. Ulikamilika mwaka 1935 kwa michango ya wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi, Watatari na wengineo waliokuwa wakiishi mjini humo, na mchoro wake ulikuwa wa mhandisi wa Kicheki, Jan Josef Švagr. Mwaka 1945 ndege za vita zilipoumwagia Kobe mabomu ya moto, mitaa iliyouzunguka iliteketea, nao ukabaki umesimama. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46, mji ulipigwa na tetemeko kubwa la ardhi lililoua watu zaidi ya 6,400 katika Kobe na miji ya jirani. Msikiti ulibaki umesimama mara ya pili. Waliouchangia katika ugeni wao wamekwisha kufa, na sadaka yao ingali inasaliwa ndani.

Adhuhuri huingia mapema majira hayo, kabla ya saa sita kamili. Wasomaji wenye hamu ya masuala ya fiqhi watauliza iwapo tulisali kasri. La, tulitimiza. Tulikuwa tumenuia kukaa Osaka wiki mbili, na kwa madhehebu yetu ya Shafii aliyenuia kukaa siku nne kamili hana tena ruhusa ya msafiri. Nayo Kobe iko kilomita thelathini na kitu tu kutoka Osaka, haifikii umbali wa safari ya kupunguza sala. Katika safu ya kwanza tulikuwa baina ya kijana wa Indonesia na mzee wa Pakistani. Baada ya salamu kila mmoja alitupa mkono kana kwamba tumeonana Ijumaa iliyopita.

Wanawake husali juu. Ahli yetu alichelewa kushuka, nasi tukamngoja uani. Alipokuja alikuwa na uso wa furaha. Alimkuta binti wa Kijapani, mpya katika dini, ana daftari la alifu na bee, akijitahidi kutofautisha hee ya koo na hee nyepesi. Ahli yetu amesomesha wasichana kwetu kwa miaka ishirini. Hakuwa na neno moja la Kijapani, wala yule binti hakuwa na neno la Kiswahili, lakini waliketi wakasomeshana, mmoja akionyesha koo kwa kidole na mwingine akirudia, mpaka herufi ikatoka sawasawa. "Aliponishika mikono alikuwa akilia," akatwambia. "Sikujua nifanye nini, nikamrudisha kwenye jimu."

Tuliweka yeni 500 katika sanduku la msikiti. Kwa chakula hatukwenda mbali, kwani mitaa ya jirani ina duka la vyakula vya halali na mikahawa ya Kihindi na Kipakistani. Tulikula dengu, mchuzi wa kuku, mikate ya naan na chai ya maziwa, yeni 1,000 kila mtu. Njiani tulipita mkahawa ulioandika mlangoni bei ya nyama ya Kobe. Nyama hiyo ni ya ng'ombe wa asili ya Tajima wanaofugwa katika jimbo la Hyogo, na sahani moja ingemeza fedha zetu zote za siku, na Muislamu angehitaji bado kuhakikisha ilivyochinjwa. Ahli yetu alisoma bei, akasema, "Huyu ng'ombe amesoma chuo gani?"

Hapa pana nasaha kwa mwenye kwenda. Asidhani kwamba kila kisicho na nyama ni salama. Vyakula vingi vya huko hutiwa mvinyo wa kupikia uitwao mirin, au mafuta ya nguruwe, na huenda visionekane kwa jicho. Programu ya kusoma maandishi kwa kamera ya simu husaidia sana. Matunda, mayai ya kuchemsha na wali mweupe ni salama na bei yake ni ya wastani. Na kwa kuwa mapipa ya taka barabarani ni machache mno, mtu achukue mfuko wa kutilia taka zake arudi nazo nyumbani, kama wanavyofanya wenyeji. Sisi tuliofundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani tuliona haya kidogo kukumbuka baadhi ya mitaa yetu.

Gati lililovunjika

Baada ya chakula njia ni ya kuteremka, na magoti yalishukuru. Jengo la kwanza la manispaa ya Kobe lina ukumbi wa kutazamia mji katika ghorofa ya 24, nao ni bure kwa kila mtu. Unapanda kwa lifti, na pale dirishani unauona mji wote: milima mgongoni, meli mbele, na visiwa vilivyojengwa kwa kufukia bahari. Tuliketi pale muda mrefu kuliko mahali pengine. Katika tetemeko la 1995 ghorofa ya sita ya jengo la pili la manispaa, lililokuwa jirani hapo hapo, ilisagika baina ya ghorofa za juu na za chini.

Chini yake kuna bustani iitwayo Higashi Yuenchi. Humo huwaka mwali mdogo ndani ya kioo, usiozimwa, kwa ajili ya waliofariki katika tetemeko, na majina yao yameandikwa ukutani katika chumba cha kumbukumbu. Kila tarehe 17 Januari watu hukusanyika hapo kabla ya jua kuchomoza, wakawasha taa, wakanyamaza kwa saa ile ile ya 11 na dakika 46. Tulipokuwapo palikuwa na mzee mmoja tu, amevua kofia. Alisimama, akainama, akaenda zake na mfuko wake wa mboga. Yaonekana ilikuwa njia yake ya kila siku.

Kutoka hapo tulikwenda ufukweni, bustani ya Meriken. Jina hilo, kwa asili, ni neno "Amerika" lilivyotamkwa na Wajapani wa karne ya kumi na tisa, kama babu zetu walivyoiita merikani ile nguo iliyoletwa Unguja na majahazi ya Marekani. Bahari mbili mbalimbali, na masikio ya watu yamesikia mamoja. Ahli yetu aliongeza lake: leso nyingi walizozivaa mama zetu miaka ya 1950 na 1960 zilichapishwa Japani, zikaagizwa na wafanyabiashara wa Mombasa. Mamake alikuwa na moja sandukuni, haivai ila siku ya Idi. Basi nchi hii ilikwisha kuingia nyumbani kwao kabla yeye hajazaliwa.

Katika pembe ya bustani hiyo kumehifadhiwa mita 60 za gati kama lilivyoachwa na tetemeko. Zege limepasuka na kuzama majini, nguzo za taa zimeinama kama walevi. Bandari nzima ilikuwa hivyo, na ilijengwa upya kwa muda wa kadiri ya miaka miwili. Kipande hiki peke yake hakikutengenezwa, kwa makusudi, ili watu wasisahau. Kukitazama hakulipiwi. Sisi tuliozaliwa katika mji wa bandari tulielewa bila ya kutafsiriwa, maana bandari ikilala, mchukuzi, dereva, muuza chai na familia zao hulala na njaa.

Karibu yake kuna sanamu ya familia ya wahamiaji. Hatukusimama kwa ajili ya sanamu bali kwa ajili ya habari yake. Bandari hii ndiyo waliyoondokea Wajapani wengi waliokwenda kutafuta maisha Amerika ya Kusini. Meli ya kwanza ya wahamiaji wa Brazili, Kasato Maru, iling'oa nanga hapa mwezi wa Aprili 1908 ikiwa na watu 781. Wengi walidhani watarejea na mali baada ya miaka michache, na wengi hawakurejea. Ahli yetu aliuliza, "Na mama zao walisimama wapi?" Akawa anaangalia ukingo wa maji. Tulijua hasemi habari ya mwaka 1908. Kijana wetu amebakisha miaka miwili ya masomo, na tayari amepata kutugusia kazi ya huko.

"Akiamua kubaki?" tukamuuliza.

"Akibaki, abaki kwa kupenda," akajibu, "asibaki kwa kuwa ana madeni yetu."

Alasiri tuliisali pale pale majanini, juu ya msala tuliokuwa nao, mahali pasipo njia ya watu. Mtu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alituona, akamvuta mbwa wake akazunguka mbali. Tulinunua chai ya moto katika mashine za barabarani, yeni 140 kwa chupa moja, tukakaa kulitazama jua. Mwezi huo hutua kabla ya saa kumi na moja. Mnara mwekundu wa bandari, wenye kimo cha mita 108 na uliosimama tangu 1963, uliwashwa taa, na kwa nje ulipendeza kuliko yamkini unavyopendeza kwa aliyelipa kuwa ndani yake. Tukasali Magharibi, tukaondoka.

Hesabu

Tulirejea Sannomiya kwa miguu, tukipita mtaa wa Wachina, Nankinmachi, ambao ni mzuri kwa taa zake ila maandazi yake mengi yana nguruwe. Katika duka la vitu vya yeni mia, ambavyo kwa kodi ya serikali huwa yeni 110, ahli yetu aliwachagulia wajukuu vitu sita. Alivichagua kwa nusu saa, na nusu saa ile haikuwa na bei.

Hesabu yote ni hii: garimoshi yeni 1,320, chakula 2,000, sadaka 500, chai 280, zawadi 660. Jumla yeni 4,760. Zilizosalia 240 tuliziweka juu ya meza ya kijana, mahali pale pale aliponyanyua noti zake. Alizihesabu mara mbili. Kisha akatuuliza tulikula wapi, nani tuliyeonana naye, magoti ya mama yake yalikuwaje ngazini, na tukazungumza mpaka saa nne usiku. Zile yeni 15,000 zililipa kodi yake mwisho wa mwezi, naye hakuhitaji kuomba saa za ziada kazini wiki ile. Jioni mbili alirudi mapema, akakaa nasi. Hizo ndizo tulizozinunua.

Kwa wazazi wenye safari kama hii, nasaha zetu ni chache. Mzazi aulize mapema mtoto analipa nini kila mwezi, na amwulize faraghani, si mbele ya wenzake. Mume na mke washauriane kiasi cha kutumia kabla ya siku kuanza, kisha mmoja asimlaumu mwenziwe katikati ya njia. Waandike mambo matatu ya kuona, wasiandike kumi. Wapange siku kwa nyakati za sala, kwani nyakati hizo humpa mtu mapumziko anayoyahitaji hata kama hayajui. Na mwenye magoti mabovu ndiye apewe kuongoza mwendo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko mbali, awape riziki ya halali, na atujaalie wazazi tuwe nafuu kwao na tusiwe mzigo. Wabillahi taufiki.